Viatu vya Kiguu na Njia

Jumamosi, 3 Mei

Shikamoo Baba,

Keti kwanza. Weka nyundo chini. Ukimaliza kusoma barua hii utasema mwanao amepungukiwa akili, na mimi naomba uyaseme hayo ukiwa umekaa.

Nataka kutembea, Baba. Si kwenda sokoni na kurudi. Nataka kutembea kilomita mia nne na ishirini, kwa miguu, peke yangu, nikiwa na hema na chakula mgongoni. Unaikumbuka reli ya zamani, ile waliyong'oa vyuma wakaacha tuta tupu? Tuta bado lipo. Linaanzia nyuma ya karakana za mji huu na kupanda hadi milimani kule yalikokuwa machimbo. Wengi hulifuata siku mbili tatu, wanapiga picha, wanarudi. Mimi nataka kulimaliza. Nimepiga hesabu: siku thelathini za kutembea na tano za kupumzisha miguu.

Kazini wamekubali. Miaka tisa hii nimekaa masijala ya mahakama nikipanga mafaili ya kesi za watu, na likizo zangu nyingi zimelala tu kwenye makaratasi. Bosi akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia nakwenda kutembea. "Kumtembelea nani?" Nikasema simtembelei mtu, natembea tu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama tena kuhakikisha ni mimi. Lakini sahihi ameweka. Siku arobaini, kuanzia tarehe moja Agosti.

Sasa ombi. Nimezunguka maduka manne kutafuta viatu. Kila kimoja nimekishika kisigino nikakipinda kama ulivyonifundisha, na kila kimoja soli imegundishwa tu, haina hata mshono mmoja. Nikasema, jamani, mimi ni mtoto wa fundi viatu. Tangu nilipokwenda shule ya bweni nikiwa na miaka kumi na mmoja sijavaa kiatu cha mkono wako. Sasa nina arobaini na mbili. Si aibu hiyo? Nishonee viatu, Baba. Nitalala vizuri huko njiani nikijua nimevaa kazi yako.

Mume wangu hajambo, anakusalimu sana. Kazi zimembana, ndiyo maana haji nami.

Mwanao,
Kiguu


Jumatano, 14 Mei

Kiguu,

Nimeketi, nimesoma, nimesimama, nimeketi tena. Shangazi yako akadhani nimeumwa na kitu.

Wala sishangai. Ulikuwa na miaka mitatu ulipopotea asubuhi nzima, tukakukuta nyuma ya gereji umekaa na mbwa wa watu mnakula mkate mmoja. Marehemu mama yako hakukuchapa. Alisema tu, "Huyu ni kiguu na njia," na jina likakuganda. Kwa hiyo usiniletee habari za kupungukiwa akili. Hukuwa nazo tangu mwanzo.

Ila nina neno. Mkwe wangu anasemaje? Mwanamume mzima anamwacha mkewe akalale porini siku thelathini na tano, yeye anabaki na kazi zimembana? Zimembana wapi? Mwambie nimeuliza, na nangoja jibu.

Viatu nitakushonea. Tena vizuri. Ngozi nene ya ng'ombe, soli mbili, na ulimi ulioshonwa pande zote ili maji yasipate pa kuingilia. Uzi nitaupaka nta mwenyewe. Wewe unipe mguu tu. Sikiliza. Simama peku juu ya karatasi, jioni, baada ya kazi, maana mguu wa asubuhi ni mwongo. Usichore mwenyewe, ukiinama, mguu unajitanua. Mumeo achore, kalamu isimame wima, asiilaze kama mtu anayepaka rangi. Na miguu yote miwili, hakuna binadamu mwenye miguu sawa.

Viatu vikifika usivihifadhi kwenye boksi kama sahani za wageni. Vivae. Wiki mbili, kazini, jikoni, kila mahali. Soksi vaa mbili, ya ndani nyembamba. Kucha kata zikiwa zimenyooka. Kiatu kikilowa usikiweke karibu na moto, ngozi itakakamaa na mimi nitakulaani.

Simu usinipigie. Masikio yangu yamechoka na nyundo, nasikia mvumo tu kama niko ndani ya pipa. Andika.

Nilicheka kidogo peke yangu baada ya kusoma. Siku nyingi hujaniomba kitu.

Baba yako,
Fundi


Ijumaa, 23 Mei

Shikamoo Baba,

Miguu hiyo hapo ndani ya bahasha, wa kulia na wa kushoto, ya jioni, peku, kalamu wima. Mume wangu ndiye aliyechora. Aliniambia nina miguu baridi, akacheka. Uliyouliza nimemfikishia. Anasema wewe ni mkali lakini una haki.

Mazoezi nimeanza. Begi nimelitia rimu tano za karatasi na chupa mbili za maji, jumla kilo kumi na nne, na saa ya chakula cha mchana napanda nalo ngazi za ofisi, ghorofa sita, mara nne. Siku ya kwanza nilifika ghorofa ya tatu nikakaa chini kama mgonjwa. Mama anayefanya usafi akapita na ndoo yake akasema, "Wewe, unahama ofisi kidogo kidogo?" Siku hizi ananihesabia.

Hema nimejifunza kulisimamisha sebuleni. Nimesogeza makochi, nimefunga kamba moja kwenye mguu wa meza na nyingine kwenye kitasa cha mlango. Niliingia ndani, nikafunga zipu, nikakaa humo saa nzima. Sikuwa nafanya chochote. Nilikuwa nimekaa tu.

Naogopa, Baba, nisikufiche. Siogopi wanyama wala watu. Naogopa siku ya nne au ya tano, niamke mguu umevimba, mvua inanyesha, na hakuna mtu wa kumwambia "mguu umevimba". Lakini nataka kwenda hivyo hivyo.

Niambie ngozi umeipata wapi.

Mwanao,
Kiguu


Jumatatu, 9 Juni

Mwanangu Kiguu,

Barua imefika na karatasi imefika. Ila karatasi umekosea. Huu si mguu wako. Huu ni mguu wa mtu mzima, mpana, kisigino kimechoka. Umemchora nani, matroni? Mimi nimevaa miwani na nimeutazama mchana kweupe, usinifanyie mchezo.

Haidhuru. Kalibu yako ninayo, ule mguu wa mti niliochonga mwenyewe kwa kipimo chako, uko juu ya rafu na jina lako nimeliandika kwa wino. Nitashonea juu ya huo. Karatasi inaweza kudanganya, mti haudanganyi.

Ngozi nimepata nzuri sana. Niliivuta, nikaikunja, nikaipaka mate, ikakaa kimya. Nimeshakata vipande vya juu.

Ukichora tena, sikiliza. Simama peku juu ya karatasi, jioni, maana mguu wa asubuhi ni mwongo. Usichore mwenyewe, ukiinama, mguu unajitanua. Kalamu isimame wima. Na miguu yote miwili.

Safari yako isiwe ya kutoroka. Mwombe matroni ruhusa kwa maandishi, aweke sahihi, uitunze. Sitaki kuitwa huko kwa sababu yako.

Shangazi yako amehamia chumba cha uani. Anasema amechoka kukaa peke yake kwake. Tangu aje kiberiti changu kinapotea, na mlango wa mbele anaufunga na ufunguo anauweka kifuani. Sijui uzee huu wa watu ukoje.

Kula ushibe.

Baba yako,
Fundi


Jumatano, 18 Juni

Shikamoo Baba,

Mguu wa mtu mzima, mpana, kisigino kimechoka! Nilicheka masijala nzima ikageuka. Sawa, nimenenepa, nimekubali, hukulazimika kuniambia kwa ukali hivyo. Na bosi wangu nimeshampa jina hilo la matroni. Limemkaa hasa, kwa sababu ana tabia ya kupita mezani kwetu kuona nani amechelewa. Ruhusa nimepata, fundi, ina sahihi na muhuri. Na namna ya kuchora mguu sasa umenifundisha mara mbili, nikistaafu nitafungua duka.

Baba, kuna jambo. Katika barua yako hii hukuuliza habari za mume wangu. Niliisoma mara mbili nikitafuta. Nikajua kwamba umeshanusa, ila hutaki kunibana, unangoja niseme mwenyewe. Ndivyo ulivyokuwa siku zote. Nilipovunja kioo cha duka la jirani ulikaa siku tatu ukinitazama tu mpaka nikasema.

Basi nasema. Ameondoka. Mwezi wa kumi mwaka jana. Hatukugombana. Alichukua redio na masanduku mawili, akaacha funguo juu ya friji, akaniambia nisijisumbue kupika cha watu wawili. Salamu nilizokuletea zote nilizitunga mimi. Na miguu yangu haikuchorwa na yeye, imechorwa na mlinzi wa ofisini kwetu, mzee wa watu, alipiga magoti kwenye sakafu na kalamu yangu nyekundu.

Faili la talaka lilipita mezani kwangu. Wenzangu walitaka kunipokea, nikakataa. Nililipatia namba mwenyewe, nikaandika majina yetu mawili kwenye jalada kwa mwandiko mzuri, nikaliweka rafuni pamoja na mengine. Sikulia. Nililia wiki mbili baadaye, dukani, nikinunua sabuni.

Tangu hapo nyumba naijua kwa hatua. Kumi na moja kutoka kitandani hadi jikoni. Tisa kutoka jikoni hadi mlangoni. Ndiyo sababu nataka tuta lile. Nataka nitembee mpaka nishindwe kuhesabu.

Sikukuambia kwa kuwa ulimpenda, na nilikuonea aibu. Niambie kitu, Baba. Hata ukinigombeza. Nangoja barua yako kuliko ninavyongoja viatu.

Mwanao,
Kiguu


Jumanne, 1 Julai

Kiguu,

Viatu hivyo ndani ya kifurushi. Nimemaliza. Sijashona kitu kizuri hivi tangu nianze kazi, na sisemi kwa majivuno, tazama mwenyewe mishono ya pembeni. Msharasi ulinichoma kidole mara moja tu, nikitoboa soli.

Yule mtu wa redio sikumfahamu. Kama ni mwalimu aliyeondoka, usilie, wataleta mwingine. Walimu huwa wanahama.

Kama wasichana wenzako wanakusema kwa sababu huna mama, nyamaza, kula chakula chako, umalize, lala. Wakizidi mwambie matroni. Mimi nipo. Nywele nimejifunza kusuka, nilimwomba jirani anifundishe kwenye kamba za katani, sasa naweza mistari minne bila kupinda. Ukija likizo utaona.

Usikimbie navyo kwenye changarawe.

Baba yako


Alhamisi, 10 Julai

Shikamoo Shangazi,

Kifurushi cha Baba nilikifungulia ofisini, mbele ya watu, maana nilikuwa nimeshawatangazia. Mama wa usafi aliacha ndoo akaja kuona.

Shangazi, ni viatu vya mtoto.

Nimevipima kwa rula. Sentimita ishirini na moja. Wangu mimi ni ishirini na tano na nusu. Vina soli mbili, ulimi umeshonwa pande zote, matundu ya kamba yamezungushiwa uzi wa nta moja moja, ngozi laini ndani mpaka kwenye kisigino. Sijaona viatu vizuri kama hivi dukani wala popote. Mwanzoni nilisema amechanganya anuani, hivi ni vya mteja. Nikakunjua ulimi, ndani ameandika "Kiguu" kwa wino. Mtu mmoja akacheka, akadhani ni utani wa Baba, na mimi nikacheka naye ili mambo yaishe.

Nimekaa jana usiku na barua zake zote mezani. Matroni. Ruhusa ya maandishi. Wasichana wenzangu. Mimi nilikuwa nacheka, Shangazi! Nilidhani ananitania. Nilimwandikia habari za ndoa yangu ambazo sikumwambia mtu yeyote, naye akanijibu kuwa walimu huwa wanahama.

Mwezi wa tano nilikupigia simu nikakuuliza, "Baba yukoje?" Ukasema hajambo, anakula, anagonga nyundo. Kwa nini uko chumba cha uani? Kwa nini mlango unafungwa? Niambie ukweli, hata kama ni mchungu. Mimi ni mtu mzima.

Mwanao,
Kiguu


Jumatano, 16 Julai

Mwanangu,

Ungenipigia simu ningekudanganya tena. Nikisikia sauti ya mtu inatetemeka mimi siwezi. Kwa hiyo nimeshika kalamu, na mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Baba yako anasahau. Ilianza mwaka jana. Alikwenda kununua gundi duka lile lile analokwenda miaka thelathini, akapotea kurudi. Wakamleta watu wa bodaboda jioni, akawa anawatania njia nzima ili wasijue. Tukaenda hospitali. Daktari akatuambia wote wawili, yeye akielewa, maana daktari aliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Ni ugonjwa wa ubongo, hauna dawa, unakwenda polepole halafu unakimbia. Alirudi nyumbani akanoa visu vyote vya kazi, kisha akaniapisha nisikuambie. Kiberiti nakificha kwa sababu aliwasha jiko akalisahau. Mlango nafunga kwa sababu huwa anatoka kwenda kukupokea kituoni.

Barua yako ya mwezi wa tano ilifika siku njema. Aliisoma kwa sauti, akipiga paja, "Kiguu! Kiguu huyu!" Halafu akaikunja, akaniambia, "Dada, asijue. Akijua ataacha safari, na mtoto huyu hajaniomba kitu tangu mama yake afe." Nikaapa mara ya pili. Sasa nimevunja viapo viwili, basi, Mungu ananijua.

Mwezi wa sita ndio ulioharibika. Nilimkuta ameshusha ile kalibu ndogo. Nikamwambia, kaka, Kiguu ni mama mtu mzima sasa. Akanitazama kwa ile jeuri yake, "Unamjua kuliko mimi?" Na mwanangu, mikono yake! Mikono haijasahau kitu. Anasahau kama amekula, lakini uzi hausahau. Wateja bado wanaleta viatu na wanachukua vimetengenezwa vizuri. Kwako wewe tu ndipo amepotea. Alikupima mara ya mwisho wiki ile unakwenda bweni, miezi mitatu baada ya mazishi, na naona amebaki pale pale.

Kifurushi nilikipeleka posta mimi mwenyewe. Niliona ndani kuna nini. Ningeweza kukificha chini ya kitanda. Sikukificha kwa sababu nilikuwa nimechoka kujua peke yangu. Nisamehe kwa hilo.

Sitakuambia uache safari yako. Umejiandaa, na umeteseka vya kutosha, na huyo mwanamume sitamtaja kwa kuwa karatasi hii itaungua. Lakini sikuahidi kitu. Ukipita milimani siku thelathini na tano, sijui utamkuta nani. Hata ukija kesho, sijui.

Barua zako zote anazo ndani ya koti. Hiyo ya mwezi wa sita aliisoma sana. Alikuwa anasoma, anashuka chini ya ukurasa, anarudi juu. Siku moja nikamkuta amefunika macho.

Shangazi yako


Jumatatu, 21 Julai

Shikamoo Baba,

Viatu vimefika. Vimenikaa sawasawa, havinibani popote. Nimezunguka navyo uwanja mzima wa shule na wasichana wote wameuliza nani ameshona. Nimewaambia. Mmoja hakuamini, nikamwonyesha mishono ya pembeni.

Hakuna anayenisema. Chakula namaliza. Yule mwalimu aliondoka kweli, na nililia kidogo, lakini sasa nimeelewa kwamba huwa wanahama.

Matroni amenipa ruhusa kabla ya wengine, siku arobaini, ameweka sahihi. Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Usihangaike kuja kituoni, Baba, njia ya nyumbani naijua.

Mwanao,
Kiguu


Jumanne, tarehe sijui, kalenda shangazi yako ameihamisha

Kiguu mwanangu,

Nilikuja kituoni ingawa ulinikataza. Shangazi yako alikuja nami, akanishika mkono kama mimi ndiye mtoto. Basi likafika, watu wakashuka, nikahesabu, wewe hukushuka. Nikamwambia dereva atazame tena viti vya nyuma.

Akashuka mama mmoja ana begi kubwa mgongoni, limemzidi kichwa. Akaja akasimama mbele yangu, akasema shikamoo Baba, niliisoma midomoni. Nikamwitikia. Watu siku hizi hawana adabu hiyo, nikampenda hapo hapo. Nikamuuliza kama ndani ya basi aliona msichana wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, amevaa viatu vipya. Akatoa daftari begini. Halafu akaandika kwamba hakumwona, ila amesikia habari zake, yu salama, na viatu vinamfaa. Nikashukuru sana. Nilikuwa nimeanza kuogopa.

Hakuwa na pa kufikia, tukaja naye nyumbani. Nimempa chumba chako, usinune, ni kwa muda tu. Ni mtu mzuri. Anaosha vyombo bila kuambiwa, na akiongea nami anaandika maneno makubwa kwenye daftari, kwa hiyo tunaelewana. Ameandika kwamba alipanga kutembea kilomita mia nne na kitu, peke yake, milimani huko. Nikamuuliza, na viatu hivyo? Maana nimevitazama, mwanangu, soli imegundishwa tu! Anatembea kama bata. Nikamwambia mama, hivi vitakuua kabla ya mlima.

Basi nikampima. Nilimsimamisha peku juu ya karatasi, jioni, nikapiga magoti nikachora mwenyewe. Ana mguu mpana na kisigino kimechoka, lakini kidole cha pili kimezidi kidole gumba, kama wewe, kama mama yako. Nikamwambia, binti yangu naye ana mguu wa namna hii. Akaanza kulia. Amesimama pale juu ya karatasi, analia, hataki kuondoa mguu. Sikujua nimemkosea nini. Nilimshika kifundo cha mguu nikangoja mpaka akamaliza, kwa sababu akitikisika mstari unaharibika.

Shangazi yako anasema aliachwa na mume. Nikamwandikia kwenye daftari lake kwamba mwanamume anayemwacha mtu mwenye adabu kama yeye hana macho, na kama ningekuwa baba yake ningemwambia arudi nyumbani, apumzike, asimwonee mtu aibu. Alikata ukurasa ule akauweka mfukoni.

Nitamshonea. Kalibu mpya nimeshaanza kuichonga. Nimemwambia kazi ni wiki tatu, akasema atangoja, anazo siku arobaini. Asubuhi anakaa karibu nami kwenye kigoda, ananipakia nta kwenye uzi. Anajua kuupaka. Sijui nani alimfundisha.

Barua hii nitampa yeye. Anasema shule yenu anaijua na atakufikishia mkononi. Ukiipata nijibu upesi, hata mistari miwili, nijue kwamba imekufikia.

Baba yako,
Fundi